Kibaya Chajitembeza: Namna ya Kutambua Gari Lililovunjika Mifupa Kabla ya Kulinunua

Malalamiko ya wananchi waliouziwa magari mabovu huja vituoni mwetu kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyenunua gari linalong'aa, akalipa fedha taslimu, na baada ya miezi michache akaambiwa na fundi kwamba gari hilo liliwahi kupinduka. Ya pili ni nzito zaidi, nayo hatuipokei kwa maneno bali kwa kwenda barabarani: gari limegongana kwa mwendo ambao gari zima lingewahifadhi waliomo, lakini hili limepasuka mahali lilipounganishwa kwa siri, na waliokuwa ndani hawapo tena kulalamika.

Makala haya yanalenga kumwezesha mwananchi wa kawaida, asiye fundi, kuligundua gari la namna hiyo kabla hajatoa shilingi yake. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi, sumaku ndogo, utepe wa kupimia, na subira.

Magari haya yanatoka wapi?

Magari mengi ya kibinafsi yanayotembea nchini Uganda yalitumika kwanza ng'ambo, hasa Japani. Hushushwa katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, yakavuka mpaka wa Malaba, Busia au Mutukula, kisha yakasimama katika bondi za Nakawa na sehemu nyingine za Kampala yakimngoja mnunuzi. Tangu Oktoba 2018 sheria imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza umri wa miaka 15 tangu kuundwa kwake. Aidha, Shirika la Viwango la Taifa, yaani UNBS, husimamia utaratibu wa kukagua magari katika nchi yanakotoka kabla hayajapakiwa melini.

Utaratibu huo una manufaa makubwa, ila mnunuzi asiupe kazi ambayo si yake. Ukaguzi wa kabla ya safari hutazama iwapo gari linafaa kutembea barabarani siku hiyo. Hauelezi kila jeraha ambalo gari lilipata na likatibiwa kabla ya siku hiyo, wala hauwezi kusema lolote juu ya yatakayolipata likishafika huku.

Na hapa nchini ndipo ulipo mlango wa pili. Gari likigongwa vibaya, kampuni ya bima huweza kuliona kuwa halifai kutengenezwa kwa gharama ya kawaida, ikamlipa mwenyewe na kuliuza gofu lake. Mnunuzi wa gofu akilitengeneza kwa ustadi na akamweleza ukweli mnunuzi anayefuata, hakuna kosa. Wengine, hata hivyo, hulinyoosha kwa nyundo na minyororo, hulichomelea kipande cha gari jingine, hulifunika kwa puti na rangi, kisha hulirudisha sokoni likiitwa gari safi la mama mmoja aliyekuwa akienda nalo kanisani tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lisilo na kasoro halihitaji hadithi nyingi.

Kwa nini mifupa ya gari ni uhai

Kila gari lina mifupa yake. Katika magari kama Toyota Hilux na Land Cruiser Prado, mifupa hiyo ni chasisi ya vyuma viwili virefu inayofanana na ngazi, na bodi hukalishwa juu yake. Katika magari madogo mengi, kama Toyota Premio, Toyota Noah na Subaru Forester, hakuna chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: sakafu, vizingiti vya milango, nguzo za kushikilia paa, na mihimili miwili inayotoka mbele ya miguu ya dereva hadi nyuma ya bampa, vyote vimeunganishwa kiwandani kwa maelfu ya vidoti vya kulehemu.

Mifupa hiyo haikuundwa iwe migumu sawasawa kila mahali. Mhandisi Béla Barényi wa kampuni ya Mercedes-Benz ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950: sehemu za mbele na za nyuma zikunjike kwa mpango ili zimeze nguvu ya kishindo, na chumba cha abiria kibaki kigumu ili kisiwabane waliomo. Nguvu inayopaswa kumezwa huongezeka upesi kuliko mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile linalokwenda kilomita 40.

Sasa fikiri juu ya mhimili wa mbele ambao umekwisha kukunjika mara moja, kisha ukanyooshwa. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hakirudi kuwa kile cha awali. Iwapo fundi alikipasha moto kwa gesi ili kilainike, amekipunguzia pia uimara, kwa kuwa vyuma vya nguvu nyingi vinavyotumika katika magari ya siku hizi hupata sifa zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani. Ajali ya pili ikitokea, mhimili huo hukunjika mapema kuliko ulivyokusudiwa na kishindo huingia chumbani. Hata mifuko ya hewa huathirika, maana wakati wa kufumuka kwake ulipimwa kwa gari lenye mifupa kamili.

Ndiyo sababu twasisitiza kutofautisha jeraha la ngozi na jeraha la mfupa. Bampa, boneti, fenda ya mbele na mlango hufungwa kwa bolti au bawaba, na vikibadilishwa vizuri gari halipungukiwi uimara. Nguzo, paa, sakafu, vizingiti, mihimili, na mahali panaposhikilia vichwa vya shokapu ni mifupa. Palipoguswa hapo, pana swali la uhai.

Kabla ya kwenda kulitazama gari

Kwanza, nenda mchana, gari likiwa kavu na limeoshwa. Maji ya mvua na taa za usiku huficha mawimbi ya bodi. Muuzaji anayesisitiza mkutane jioni, au ambaye kila ukifika hukuta gari limetoka tu kumwagiwa maji, anakupa sababu ya kuahirisha.

Pili, nenda na fundi uliyemchagua mwenyewe na utakayemlipa mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali anakula katika sahani ya dalali. Ada ya fundi ni ndogo mno ukiilinganisha na mkopo wa SACCO utakaoulipa kwa miaka mitatu.

Tatu, omba uoneshwe karatasi kabla hujapenda rangi. Kwa gari lililotoka katika minada ya Japani, kuna karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari na daraja lake. Daraja la tarakimu kama 4 au 4.5 huashiria gari lililo katika hali njema. Herufi R au RA huashiria gari ambalo mifupa yake iliwahi kurekebishwa. Katika mchoro, herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi yaliyobaki baada ya matengenezo, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Tahadhari: karatasi hizi hughushiwa. Linganisha nambari ya chasisi iliyomo na ile iliyo kwenye gari, na ukiweza pata nakala yako mwenyewe kwa njia isiyopitia kwa muuzaji.

Anza kwa kusimama mbali

Simama hatua 10 mbele ya gari lililoegeshwa mahali tambarare, kisha nyuma yake. Je, limesimama sawa, au bega moja limelala? Chuchumaa kwenye kona na utazame ubavu wake kwa urefu, kama seremala atazamavyo ubao. Mwanga unapaswa kuteleza bila kuvunjika. Ukiona taswira ya miti au ya nguzo za umeme inapinda mahali pamoja tu, hapo pamefanyiwa kazi.

Sogea karibu utazame nafasi zilizoachwa baina ya boneti na fenda, mlango na mlango, buti na taa za nyuma. Upana wa nafasi hizo unapaswa kulingana upande wa kushoto na wa kulia, na usawa kuanzia juu hadi chini. Nafasi inayoanza kwa upana wa kidole na kuishia kwa upana wa ukucha yaweza kuwa kosa dogo la bawaba, lakini yaweza pia kuwa dalili kwamba nguzo iliyobeba bawaba hiyo imehama. Fungua na ufunge kila mlango polepole. Mlango unaohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, au unaofunga kwa kupigwa, una habari za kukuambia.

Rangi na puti

Rangi ya kiwandani ni nyembamba na sawia. Rangi ya gereji mara nyingi huwa na vijipele kama ganda la chungwa, au hutofautiana kidogo na ya kipande cha jirani inapopigwa na jua. Tazama mipira ya madirisha, kingo za taa na ndani ya matundu ya milango. Matone madogo ya rangi mahali ambapo kiwanda hakiwezi kuyaacha, au mstari mkavu ulioachwa na utepe wa karatasi, ni ushahidi wa kupuliziwa upya.

Kisha chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe juu ya bodi. Ikishika vyema kote isipokuwa mahali pamoja, hapo pana puti nene. Kumbuka kwamba bampa huwa za plastiki, na baadhi ya magari yana boneti ya alumini, ambako sumaku haitashika kabisa bila ya kuwapo udanganyifu wowote. Gonga pia kwa kifundo cha kidole: bati tupu hulia, puti hunyamaza. Mafundi wengine wana kifaa cha kupimia unene wa rangi. Kwa kawaida rangi ya kiwandani huwa baina ya mikroni 80 na 180, na kipimo kinachoruka kufikia mara kadhaa ya hapo huonesha puti.

Rangi mpya pekee si hatia. Mtu aweza kukwaruzwa na bodaboda akapaka mlango. Rangi hukuonesha mahali pa kuchimba. Hatari huonekana pale unapoikuta juu ya nguzo, paa, au kizingiti.

Chini ya boneti

Hapa ndipo ajali za mbele huacha kumbukumbu. Tazama kwanza fremu inayoshikilia rejeta, ile iliyopita kutoka taa hadi taa. Je, ni nyoofu? Je, rangi yake inalingana na ya gari? Je, bado ina vibandiko vya kiwandani, au vimetoweka upande mmoja tu?

Halafu tazama vichwa vya bolti zinazoshikilia fenda na bawaba za boneti. Bolti ambazo hazijaguswa zina rangi nzima kwenye pembe zake. Pembe zikiwa zimechubuka, kuna aliyezifungua kwa spana.

Kisha fuata kwa tochi ile mihimili miwili ya mbele, kila mmoja upande wake wa injini, kuanzia nyuma ya bampa hadi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Unatafuta mikunjo kama ya ngozi ya kiwiko, alama za nyundo, rangi mpya mahali pa siri, na mishono ya kulehemu. Vidoti vya kiwandani ni miduara midogo iliyobonyea, inayopangana kwa nafasi zinazolingana. Mshono mrefu wenye matuta, uliosagwa kwa mashine na kupakwa rangi, haukutoka kiwandani. Tazama vilevile gundi ya kuzibia maungio: ya kiwandani hufanana kushoto na kulia, na ile ya gereji hupakwa kwa kidole, na mara nyingi ukiibonyeza kwa ukucha huwa bado laini.

Linganisha taa mbili za mbele. Moja ikiwa imefifia kwa umri na nyingine ni angavu kama kioo kipya, ulizia ile mpya. Hali kadhalika vioo. Kila kioo kina mhuri mdogo pembeni wenye jina la mtengenezaji na alama za mwaka. Kioo cha mbele hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu ya mawe ya barabarani, lakini kioo cha pembeni kisichofanana na wenzake kinadokeza kwamba ubavu uligongwa.

Milango, vizingiti na buti

Fungua milango yote minne. Kwenye magari mengi, mpira unaozunguka tundu la mlango huvutika kwa mkono na kurudishwa bila madhara. Omba ruhusa, vuta kipande kwenye nguzo ya katikati, utazame ukingo wa chuma ulio ndani. Vidoti vya kiwandani huonekana hapo waziwazi. Vikikosekana, vikiwa vimefunikwa, au upande mmoja ukitofautiana na wa pili, nguzo hiyo ilikatwa.

Piga magoti utazame ukingo wa chini wa kizingiti, mahali ambapo jeki huwekwa. Mashine ya kunyooshea bodi hulibana gari hapo kwa koleo zenye meno, na meno hayo huacha safu ya vichoro vidogo pande zote mbili za ukingo. Jeki ya kawaida hubonyeza mahali pamoja tu. Safu ya meno katika sehemu nne za vizingiti ni kama saini: gari hili liliwahi kufungwa na kuvutwa.

Katika buti, toa zulia na gurudumu la akiba. Shimo la gurudumu hilo ni shahidi mwaminifu wa ajali za nyuma, kwa kuwa ni vigumu kulinyoosha likarudi kama zamani. Tafuta mikunjo, rangi nzito ya brashi, gundi mpya, na maji yaliyotuama. Inua pia kona za zulia la miguuni. Mchanga mwembamba na kutu kwenye reli za viti huashiria gari lililozama katika mafuriko, nalo lina maradhi yake ya umeme.

Chini ya gari

Ukaguzi huu ufanyike kwenye shimo la gereji au mashine ya kuinulia. Tunaomba kwa msisitizo: usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza.

Tazama kama mihimili inakwenda sambamba, kama matundu ya duara ya kiwandani bado ni ya duara au yamekuwa kama yai, na kama bomba za breki zimekwepeshwa mahali fulani. Lami nyeusi iliyopakwa upya eneo moja tu imewekwa kuficha kitu. Kwa magari ya chasisi ya ngazi, chunguza mishono ya viraka na kutu iliyokula chuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma.

Hapa pia ndipo huonekana gari la nusu-nusu, yaani mbele ya gari moja na nyuma ya jingine. Mshono wake hupita chini ya viti, kwenye vizingiti na kwenye nguzo za kioo cha mbele au za paa. Yadi za vipuri huuza vipande vikubwa vya magari yaliyokatwa, na matumizi halali ya vipande hivyo ni kutoa injini, taa na milango. Kumchomelea mtu nusu ya gari na kumwambia ni gari zima ni kumtega.

Vipimo viwili vinavyotosha kuamua

Kipimo cha kwanza ni cha utepe. Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Katika magari ya kawaida vipimo hivyo hulingana. Tofauti inayozidi sentimita moja huhitaji maelezo ya fundi, si ya dalali. Pima pia mshazari chini ya boneti: kutoka bolti ya juu ya shokapu ya kulia hadi kona ya mbele ya kushoto, kisha kinyume chake. Mistari hiyo miwili ikitofautiana, mbele ya gari si mraba tena.

Kipimo cha pili ni alaimenti ya magurudumu yote manne kwenye mashine. Huchukua muda mfupi, na karatasi inayotolewa haijui kubembeleza. Mashine ikionesha gurudumu lililo nje ya kipimo, na fundi akishindwa kulirejesha kwa bolti zake za kawaida, basi kilichopinda ama ni kiungo cha magurudumu ama ni mfupa wenyewe. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe kupimwa, hata baada ya wewe kukubali kulipia, amekwisha kukujibu.

Usukani, mikanda na taa ya mifuko ya hewa

Endesha gari mwenyewe. Kwenye barabara iliyonyooka, usukani usimame katikati. Usishtuke gari likielekea kushoto kidogo, kwa kuwa barabara zetu huinamishwa kuelekea ukingoni ili maji yatiririke. Jaribu mahali tambarare, na ujaribu pia kurudi kwa njia ileile. Funga breki kwa mwendo wa wastani uone kama gari linakwenda upande. Sikiliza upepo unaopenya penye mlango mmoja tu. Mwishoni tazama matairi: kuliwa ukingo mmoja kwa tairi moja ni dalili isiyopuuzwa.

Unapowasha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano kwamba mifuko ilifumuka katika ajali, haikurejeshwa, na taa ikatolewa ili usijue. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake. Mkanda uliokwama, uliokwaruzika, au wenye lebo ya mwaka unaopita mwaka wa gari ulibadilishwa au ulibeba mtu siku ya kishindo.

Nambari ya chasisi

Katika magari yaliyouzwa kwanza Japani, nambari ya chasisi huanza kwa herufi na tarakimu za modeli, kisha nambari ya mfululizo. Hupigwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi kwenye ukuta wa nyuma wa injini, chini ya kiti cha mbele, au kwenye muhimili wa chasisi ya ngazi. Isome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, uilinganishe na kibati cha modeli na kitabu cha umiliki. Chuma kilichozunguka nambari kikiwa na mshono, msasa au rangi mpya, simama hapo hapo. Si suala la ajali tena. Huenda ni gari la wizi, na anayelinunua huweza kunyang'anywa gari na fedha zisirudi. Tafadhali fika kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kulipa.

Unapokubaliana, na unapodanganywa

Chukulia mfano wa mwalimu anayenunua gari kwa shilingi milioni 28. Ameuliza iwapo gari liliwahi kugongwa, akaambiwa halijawahi. Neno hilo lisibaki hewani. Liandikwe katika mkataba: kwamba muuzaji anathibitisha gari halijapata kuharibika wala kurekebishwa katika chasisi, nguzo, paa, sakafu au mihimili, na kwamba likigundulika kinyume chake atalirudisha fedha zote. Wawepo mashahidi, malipo yapitie benki, na nakala za vitambulisho zihifadhiwe. Muuzaji mkweli hutia saini bila taabu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 humlinda anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara, kwa kutaka bidhaa iwe na ubora unaofaa. Hata hivyo ulinzi huo haufiki kwenye kasoro uliyooneshwa waziwazi, wala kwenye kasoro ambayo ukaguzi wako mwenyewe ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kagua kwa makini, uandike ulichokiona.

Ukigundua umedanganywa, usianze kulitengeneza gari, kwa kuwa utafuta ushahidi. Piga picha, pata maelezo ya maandishi ya fundi, kusanya mkataba, risiti na jumbe za simu, kisha fika kituoni. Maafisa watakueleza kama jambo lako ni mgogoro wa kimkataba unaopelekwa mahakama ya madai, au kama muuzaji alijua na akasema uongo ili apate fedha zako, jambo ambalo ni jinai. Usiende yadi na vijana kumkamata muuzaji. Wapo waliokwenda kudai haki wakarudi wakiwa washtakiwa.

Lipo na ombi moja tunalowaelekeza walionunua magari ya namna hii bila kujua. Kishawishi cha kulipaka rangi tena na kumuuzia mwingine ni kikubwa, hasa mkopo unapobana. Anayefanya hivyo kwa kujua huacha kuwa mdanganywa na huwa mdanganyifu, na aliyemo ndani ya gari hilo siku ya ajali atakuwa mtoto wa jirani yake. Gari lenye mfupa uliovunjika liuzwe kwa ukweli, kwa bei ya ukweli, au livunjwe litoe vipuri.

Ofisi za uhusiano wa polisi na jamii katika wilaya ziko wazi kwa kila mwananchi mwenye shaka kuhusu gari analotaka kununua. Kuuliza hakulipiwi. Njoo na nambari ya chasisi, nakala ya kitabu cha umiliki, na maswali yako, fedha zikiwa bado mkononi mwako.